Simu ya Paka

Filamu ninayoipenda kuliko zote ni mbovu. Silisemi hili kwa mzaha, wala kwa kujikosha mbele ya wajuzi. Ni mbovu kweli. Ngumi hazifiki zinakotupwa, lakini mtu huruka na kuanguka. Midomo ya wachezaji hufungwa kabla maneno hayajakwisha. Shujaa wake mkuu, mtu mzima mwenye masharubu, huzungumzia mambo ya kufa na kupona kwa simu ya mezani yenye umbo la paka mnene wa rangi ya chungwa. Akiinua mkono wa simu, macho ya paka hufumbuka. Akiurudisha, paka husinzia. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko nilivyozisoma baadhi ya diwani zilizomo kabatini mwangu. Leo ningependa kueleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe inaihusu lugha yetu, na kwa kuwa ndani yake nina deni.

Niliiona mara ya kwanza Ilula, mji mdogo wa barabarani ambao leo umo katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Anayetoka Dar es Salaam huufikia baada ya kupanda Kitonga, masikio yakiwa yameziba na hewa ikiwa imeanza kupoa. Anayetoka Mbeya huufikia baada ya kuiacha Iringa mjini nyuma yake kwa mwendo usiotimia saa moja. Msafiri anaukumbuka kwa nyanya na vitunguu: matenga yamepangwa kandokando ya lami, na vijana hulikimbilia kila basi linalopunguza mwendo. Malori yaendayo Tunduma na Zambia hupita usiku kucha. Mtoto wa Ilula hulala kwa mngurumo wa injini kama mtoto wa Pwani alalavyo kwa mawimbi.

Katikati ya miaka ya 1990 palikuwapo kibanda cha video nyuma ya maduka, kile ambacho mijini watu hukiita kibanda umiza. Jina hilo halikukosea. Mabenchi yalikuwa mbao zisizopigwa randa, madirisha yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na pamoja na mwanga huo hewa nayo ilikatazwa. Mbele palikuwa na televisheni moja, deki moja, na nje jenereta iliyokohoa. Mtoto alilipa shilingi 50. Kanda zilikuja na madereva au na wachuuzi kutoka Iringa, nyingi zikiwa nakala ya nakala ya nakala, hata nyuso za watu zikawa kama zimeoshwa kwa maji ya mchele. Picha za ngumi ndizo zilizopendwa. Bruce Lee alikuwa amefariki tangu Julai 1973, lakini pale kibandani alikuwa hai kila Jumamosi, pamoja na jamaa wengi waliovaa nywele zake na jina lililokaribia lake.

Mkanda wa paka ulifika bila jalada wala kibandiko. Sisi tuliupa jina tuliloliona: Simu ya Paka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipolipata jina lake halisi. Ni *Ninja Terminator*, filamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Godfrey Ho wa Hong Kong chini ya kampuni ya IFD. Namna ilivyotengenezwa inastahili kuelezwa, maana mtunzi yeyote wa mashairi ataitambua kazi hiyo.

Kampuni ilikuwa na njia ya kupata filamu mpya kwa bei ya chini. Ilichukua filamu iliyokwisha kutengenezwa mahali pengine, katika hali hii filamu ya Korea Kusini, kisha ikapiga picha chache mpya na waigizaji wa Kizungu waliovaa sare za kininja. Vipande hivyo viwili vikakatwa na kushonwa pamoja, halafu maneno ya Kiingereza yakabandikwa juu ya midomo yote, ya Wakorea na ya Wazungu. Hadithi iliyobuniwa ilihusu sanamu ya dhahabu iliyogawika vipande vitatu; atakayeviunganisha atapata nguvu ya kutodhurika na upanga. Mwigizaji mkuu, Mmarekani Richard Harrison, alipaswa kuonekana mwenza wa kijana shujaa wa ile filamu ya Kikorea. Lakini angewezaje kuzungumza na mtu ambaye hakuwahi kusimama naye mbele ya kamera moja? Jibu ni simu. Mmoja anainua simu huku, mwingine anaipokea kule, na filamu mbili zisizojuana zinakuwa filamu moja. Yule paka wa rangi ya chungwa si pambo tu. Yeye ndiye uzi uliozishona nguo mbili, na uzi huo umeshonwa juu ya nguo, kweupe, kwa rangi isiyofanana na kitambaa.

Tusicheke sana. Nani kati yetu hajawahi kuitia simu ya paka katika ubeti? Mizani 8 za ukwapi zimetimia, za utao zimepungua mbili, na kina cha mwisho kinadai silabi isiyokuja. Hapo mtunzi hutafuta neno lolote lenye umbo linalofaa, akaliweka, akaomba msomaji asilitazame sana. Nimewahi kumwingiza “jamani” katika shairi la msiba kwa sababu tu nilihitaji “ni”. Paka wangu alikaa pale, macho wazi, na kila aliyesoma alimwona.

Lakini Ilula hatukuiona filamu hiyo kama ilivyotoka Hong Kong. Hatukujua Kiingereza, na hata angekuwapo aliyekijua, nakala ile ilikuwa na sauti iliyozama. Kando ya televisheni, juu ya kigoda, alikaa mjomba wangu, mdogo wake mama, akiwa na fimbo fupi mkononi. Mchana alipakia matenga ya nyanya kwenye malori. Jioni mwenye kibanda alimpa sehemu ndogo ya mapato ili atueleze kinachosemwa. Shule yake iliishia darasa la saba, na Kiingereza chake hakikuvuka salamu. Hata hivyo alitafsiri kila neno, tena bila kusita.

Sijui kama “kutafsiri” ndilo neno lake. Alitazama uso, mkono na mwendo, kisha akawapa watu wale maneno ambayo mtu mwenye uso ule angeyasema kama angezaliwa kwetu. Mapigo aliyapa majina kutoka katika kazi za nyumbani na shambani. Teke la kuzunguka aliliita teke la kupepeta. Ngumi mbili mfululizo kutoka juu zilikuwa za kutwanga. Pigo la chini la kumwangusha mtu miguu lilikuwa la kufyeka, na lile la kumdona adui jichoni kwa vidole viwili lilikuwa la kupalilia. Tulipotoka nje tulipigana kwa majina hayo, na mama zetu walipotusikia hawakuelewa kwa nini watoto waliokataa kutwanga mchana walipiga kelele za kutwanga usiku.

Adui mkuu wa filamu hiyo amecheza na Hwang Jang-lee, bingwa wa mateke wa Kikorea, ambaye huko nyuma alikwisha kupigana na Jackie Chan katika filamu zilizo nzuri. Humu amevishwa nywele bandia za rangi ya dhahabu zisizomkaa hata kidogo. Mjomba alipoziona nywele zile hakuhangaika kumtafutia jina. Alimwita Nyundo.

Kwa mgeni jina hilo halina uzito. Kwa mtoto wa Ilula lilitosha kumaliza hadithi kabla haijaanza. Lugalo haiko mbali na kwetu, ni kwenye barabara iyo hiyo ielekeayo Iringa, na pale tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yalikivizia kikosi cha Wajerumani na kukivunja. Kiongozi wa kikosi kile, Emil von Zelewski, aliuawa papo hapo. Wenyeji walikuwa wamempa jina la Nyundo. Babu zetu walitusimulia kisa hicho kwa mikono na miguu, wakiinama kama watu waliomo majanini, na sasa Nyundo alikuwa amerudi katika kioo cha televisheni, na nywele zake zilezile. Staringi alipojificha nyuma ya ukuta, mjomba alishusha sauti na kusema kwamba majani ya Lugalo ni marefu. Kibanda kizima kiliinama. Mwandishi wa hadithi ile kule Hong Kong hakulijua neno hata moja la mambo hayo, lakini ndiyo filamu tuliyoiona, na hadi leo naona tuliiona kwa haki.

Kisha ilikuwapo simu. Katika Ilula ya miaka ile simu ilikuwa kitu cha kuisafiria. Aliyetaka kuzungumza na ndugu wa mbali alipanda gari hadi Iringa, akapanga foleni, akapiga kelele ndani ya mkono wa simu, akarudi jioni akiwa na maneno machache ya kuwagawia watu wa nyumbani. Kwa hiyo paka alipofumbua macho, mjomba hakukubali nafasi ile ipotee bure. “Kamwene, mama,” alisema yule Mmarekani mwenye masharubu. “Hamjambo huko? Mvua imefika? Na nyanya, tenga linauzwa kiasi gani leo?” Alingoja kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu kutoka mbali, kisha akaendelea: “Haya, mama. Mimi huku nina kazi kidogo na Nyundo. Nikimaliza nitakuja.” Watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Staringi wa duniani alikuwa mtoto wa mtu, na alikuwa na adabu.

Nje ya kibanda, mgongo wake ukiegemea ukuta wa mabati, alikaa bibi yangu, mama yake mjomba, akiuza karanga za kukaanga. Hakuwahi kuingia. Alisema humo ndani ni giza na watu wamejaa jasho. Lakini sauti ya mwanawe ilipenya mabati, na filamu zote alizijua kwa njia hiyo. Ilipofika sehemu ya simu alikuwa akiitikia, kwa sauti ya chini, huku akiendelea kupima karanga: “Kamwene, mwanangu. Hatujambo.” Nilimsikia zaidi ya mara moja, nilipotoka kutafuta hewa. Mwenye kuisikia tu ndiye aliyekuwa na filamu nzuri kuliko sisi tulioiona, maana macho yake hayakusumbuliwa na kamba iliyomwinua ninja wala na nywele za Nyundo zilizokaa upande.

Deni langu linaanzia hapa. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na nilirudi likizo ya Juni nikiwa na Kiingereza kipya na kiburi kikongwe. Ulikuwa msimu wa nyanya. Watu walikuwa na fedha na kibanda kilijaa. Mkanda wa paka ukawekwa. Paka akafumbua macho, mjomba akafungua kinywa, na mimi nikasimama.

“Mjomba, hasemi hivyo!” nilisema kwa sauti iliyofika ukutani. “Hapigi simu nyumbani. Anamwagiza mwenzake kazi tu.”

Nilikuwa nimeyasikia maneno matatu, nikajiona nimeyasikia yote. Lakini nilikuwa sahihi, na usahihi huo ndio ulioniumiza baadaye. Kama ningekosea ningeomba radhi siku ile ile.

Mjomba alinitazama. Hakukasirika. Aliweka fimbo yake chini na kusema, “Haya. Msomi amesema.” Kisha akanyamaza.

Filamu ikaendelea peke yake, na kwa mara ya kwanza tukaiona. Ngumi zililia kama magunia yanayopigwa fimbo. Watu walizungumza bila kuelewana na wengine walikufa bila sababu. Roboti ya kuchezea watoto ilitembea sakafuni kuwatisha watu wazima, na watu wazima wakatishika. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, “Endelea basi!” Mjomba akajibu, “Sikilizeni wenyewe.” Hawakuwa na cha kusikiliza. Baada ya robo saa mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu, na mwenye kibanda alikuwa mlangoni akibishana na wanaodai shilingi zao.

Nilipotoka, bibi alikuwa akifunga karanga zake mapema kuliko kawaida. Aliniuliza, “Mbona leo yule wa simu hakusalimia?” Sikuwa na jibu kwa Kiswahili, wala kwa Kihehe, wala kwa kile Kiingereza changu.

Mjomba alirudi kwenye kigoda wiki iliyofuata, kwa kuwa ndivyo alivyopata fedha ya chumvi na mafuta ya taa. Aliyataja mapigo, akamtukana Nyundo, akashusha sauti palipo na majani. Lakini nilivyoambiwa, ilipofika sehemu ya simu alikaa kimya, na paka akaongea Kiingereza chake hadi mwisho. Baada ya muda akaacha kabisa. Sidai kwamba mimi ndiye niliyemwachisha. Kudai hivyo kungekuwa kiburi kile kile kwa vazi la toba. Alioa, shamba likakua, na kazi ya malori ilimchosha. Isitoshe, miaka michache baadaye kanda zikaanza kuja na sauti yake ndani.

Hapo namkumbuka Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu. Alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam, na sauti yake ikarekodiwa na kusafiri hadi vibanda vya mikoani. Kenya nao wana James Muigai, aitwaye DJ Afro, ambaye wengi huzitafuta filamu kwa sababu ya kumsikia yeye. Kampala, nchini Uganda, mabingwa wa kazi hiyo huitwa VJ. Nao Wajapani, enzi za filamu bubu, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi. Baadhi yao walivuta watu kuliko waigizaji wenyewe, na kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Filamu zilipoanza kusema zenyewe, kazi yao ikafa. Kumbe kile kigoda cha Ilula kilikuwa na ukoo mpana, ingawa aliyekikalia hakuwahi kuambiwa.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni filamu ya mwaka 2010 kutoka Wakaliga, kitongoji cha Kampala, iitwayo *Who Killed Captain Alex?*, kazi ya Nabwana I.G.G. Gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu, na ndugu yake Kapteni ni bingwa wa kung-fu aitwaye Bruce U. Juu ya yote hayo huja sauti ya VJ Emmie, ambaye hushangilia, hutania, hutangaza kinachokuja, na humcheka hata yule anayekufa. Toleo lisilo na sauti yake halipatikani tena. Lililobaki ni hili lenye msimulizi. Watu wa nchi za mbali waliipenda mno filamu hiyo, na wengi walidhani wamegundua kituko kipya. Mimi nilipoitazama nilisikia mabati ya Ilula.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani hasa kinachoifanya kazi mbovu ipendeke, kwa kuwa si kila kazi mbovu hupendeka. Zipo mbovu za uvivu, na hizo huchosha filamuni kama zinavyochosha katika shairi. Naona mambo mawili. La kwanza ni kwamba kazi ya namna hii haijui kuwa ni mbovu. Richard Harrison anamshika yule paka kwa uso wa mtu mwenye msiba. Hakonyezi jicho kutuambia kwamba naye anajua. Angekonyeza, uchawi ungekwisha. Mtu anayejitahidi kwa nguvu zake zote katika jambo lililomzidi hatuwezi kumdharau bila kujidharau, kwa sababu wengi wetu tunaishi hivyo siku nyingi za juma.

La pili ni nafasi. Filamu bora hutujia ikiwa imekamilika. Tunaingia, tunakaa, tunatoka na heshima zetu. Filamu ile ilikuwa na matundu kila mahali, na kila tundu lilitosha mtu kuingia na vitu vyake: jembe, Lugalo, bei ya tenga, mama. Sisemi kwamba tuandike vibaya ili wasomaji wapate kazi. Nasema kwamba nilipoanza kuandika mashairi nilifundishwa kuziba kila tundu, nami nikaziba, na kwa miaka kadhaa nilitunga beti zisizopitisha maji wala hewa, kama madirisha ya kibanda kile. Walionisoma walisema vina vimetimia. Hakuna hata mmoja aliyeniitikia kama bibi alivyoitikia kupitia ukuta wa mabati.

Mwaka juzi nilikwenda Ilula. Bibi alikwisha tutoka siku nyingi. Mjomba sasa ana mvi, ana shamba la vitunguu na wajukuu wasiokaa chini. Nilimwamkia, akaitikia “Marahaba, mjomba,” kwa kuwa kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, na mtu hujua nani ni nani kwa umri. Baada ya chakula nilitoa simu yangu na kumwonyesha filamu, ambayo siku hizi hupatikana bila taabu. Aliishika mbali na macho, kama wafanyavyo wazee. Alimtambua Nyundo mara moja, akacheka peke yake.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi tangu Iringa. Nilianza kuyasema, lakini paka akatokea, naye akanyoosha mkono kunizuia.

“Hapa hasa anasema nini?” aliuliza.

“Anamwagiza mwenzake kazi, mjomba. Ile ile niliyosema.”

“Nilijua,” alisema. “Siku ile nilijua kwamba husemi uongo. Ila na mimi sikuwa nasema uongo. Yule mtu ameshika simu. Mtu akishika simu, kitu cha kwanza ni kusalimu. Sasa kama wenyewe walisahau kumwekea salamu, nifanyeje? Nimwache aonekane hana kwao?”

Sikuwa na la kuongeza. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu tafsiri, na sijakutana na hoja niliyoshindwa kuijibu kama hiyo.

Wajukuu wawili walikuwa wamesogea, wakichungulia kioo kidogo juu ya bega lake. Mjomba alitafuta kitufe cha sauti, akakipunguza mpaka Kiingereza kikaisha. Aliirudisha filamu nyuma kidogo kwa kidole chake kigumu cha shambani, akakosea, akajaribu tena. Paka alifumbua macho.

“Kamwene, mama,” alisema mjomba, na sauti yake ikawa ile ile, ila nzito zaidi. “Hamjambo huko?” Alinyamaza, akingoja. Alingoja muda mrefu kuliko zamani, hata yule Mmarekani akamaliza maneno yake na kubaki ameshika simu.

“Babu,” mtoto mdogo akauliza, “huyu anaongea na nani?”

“Nyamaza wewe,” alisema mjomba, bila kuondoa macho kiooni. “Staringi yuko kwenye simu.”